Daftari la wanachama lilale ofisini kwetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nitoe dukuduku ambalo nimekaa nalo muda mrefu. Mimi ni mtumishi wa TEHAMA katika chama cha akiba na mikopo hapa Tanga, mwaka wa kumi na moja sasa. Kazi yangu watu hawaikumbuki mpaka kitu kigome: nyaya, printa, kompyuta za makarani, na mfumo wa hesabu za wanachama.

Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Wengi wanaikumbuka siku ile kwa kuwa simu zilikwama. Mimi naikumbuka Jumatatu yake. Saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi, wengine wamefuata ada, wengine mtaji wa wiki. Kila karani alikuwa anatazama kiduara kinachozunguka kwenye skrini. Mfumo wetu ulikuwa wa kukodi, seva zake, yaani kompyuta zinazotunza data, ziko Ulaya, na njia ya kwenda huko ilikuwa imekatika.

Mama mmoja anayeuza samaki Deep Sea alifika dirishani na kitabu chake cha akiba mkononi. Akaniuliza, "Mwanangu, hela zangu zimehama?" Nikamwambia zipo, mama, zimo kwenye sefu nyuma ya ukuta huu, ila salio lako hatulioni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa nani analiona?" Sikuwa na jibu la kumpa. Hela ziko hatua sita kutoka aliposimama, mwenyewe yupo, karani anayemfahamu kwa sura na kwa jina yupo, na bado hakuna aliyeweza kumhudumia. Katibu wetu ndiye aliyeokoa jahazi. Alishusha kaunta buku la zamani kutoka juu ya kabati, tukaandika kwa kalamu, kila mwanachama akapewa kiasi kidogo kwa kuaminiana.

Ninachotaka wasomaji wakione ni kwamba nyaya za baharini hazikuwa na sababu yoyote ya kutusimamisha. Kompyuta tano za makarani na seva vikiwa ndani ya jengo moja vinaongea kwa waya wa mita chache, wala havihitaji intaneti. Hata tawi letu dogo la Muheza lingeweza kufikiwa kwa njia za humuhumu nchini. Tuna Mkongo wa Taifa, njia kuu ya mawasiliano inayounganisha mikoa, na Dar es Salaam kuna kituo ambako mitandao ya hapa hukutana ili data ya Mtanzania inayokwenda kwa Mtanzania mwenzake isizunguke ng'ambo kwanza. Yote hayo hayakusaidii chochote kama daftari lako umelipeleka ng'ambo mwenyewe.

Tulisamehe, tukaendelea. Mwezi wa tisa kampuni iliyotukodisha mfumo ikatuandikia kwamba bei inapanda, na malipo yatakuwa kwa dola, kwa kila mtumiaji, kila mwezi. Siku ya kulipa kadi ya benki ya chama ikakataliwa kwa hitilafu ambayo haikuwa yetu, na siku ya tatu akaunti ikafungwa. Nilikaa saa nne nikiandikiana na roboti ya huduma kwa wateja. Kila nilipoeleza shida, ilinirudisha kwenye ukurasa uleule wa malipo. Hakuna namba ya kupiga, hakuna mtu wa kumwambia "ndugu yangu, nisikilize."

Tulipofunguliwa niliomba nakala ya data yetu yote. Nikapewa faili moja la jedwali lenye majina na salio la mwisho, basi. Tarehe za michango, marejesho ya mikopo na majina ya wadhamini havikuwemo. Miaka sita ya jasho la watu imebanwa ikawa mstari mmoja kwa kila mwanachama. Mpangaji wa Ngamiani akihama anatoka na kitanda chake na masufuria yake. Sisi tulitoka na majina. Tuliijenga upya historia ile kutoka kwenye stakabadhi za karatasi, makarani wawili na mimi, kwa wiki saba, tukibaki ofisini mpaka adhana ya Isha.

Nyumbani kwangu nilikuwa nimeshaanza kufanya tofauti. Juu ya kabati la vyombo pana kompyuta ndogo ya mtumba, ukubwa wa kitabu kinene, niliyoinunua shilingi 260,000. Nimeiwekea Debian, mfumo wa kuendeshea kompyuta wa jamii ya Linux, unaotunzwa na watu wa kujitolea tangu 1993, na juu yake Nextcloud, programu huria (yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma) ya kuhifadhi mafaili, picha na kalenda. Ina diski mbili, na kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye ya pili. Umeme inaokula mchana na usiku haufiki nusu uniti ya LUKU. Ina taa moja ya kijani, ndogo kama punje ya mtama. Nikiamka usiku kunywa maji, naitazama hiyo kwanza.

Humo mna sauti ya marehemu baba. Ni ujumbe wa sauti arobaini na tatu alionitumia mwaka wake wa mwisho, mwingi ukiwa wa kuulizia kama nimekula. Simu yake ilikufa, na akaunti alikokuwa amehifadhi picha zake ilifutwa kwa sababu haikutumika muda mrefu. Jumbe zile nilizitoa kwenye simu yangu mmoja baada ya mwingine, nikaziandikia tarehe. Mama akija hukaa kwenye mkeka, mimi nambonyezea, naye humsikiliza mumewe. Sauti hiyo siwezi kuiacha ikae mahali ambapo mtu nisiyemjua atabadilisha masharti na kunitaka niyakubali kabla sijasikia neno.

Sisemi kwamba ni kazi nyepesi. Hewa ya chumvi ya Tanga inakula vyuma, na Februari diski moja ilikufa, nikakesha naye fundi mwenzangu mpaka alfajiri tukiibadilisha. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, kwa hiyo ukiwa nje huwezi kuifikia seva yako moja kwa moja. Mimi napita kwenye seva ndogo niliyokodi Dar es Salaam, kwa WireGuard, programu inayofunga njia ili mwingine asisome kinachopita. Barua pepe siiendeshi mwenyewe na simshauri mtu aanze nayo, kwa kuwa watoa huduma wakubwa huzitilia shaka barua zinazotoka kwenye seva ndogo hata ukifuata kila kanuni. Lakini kila shida niliyoitaja ina mlango ninaoweza kuugonga. Diski ikifa nanunua nyingine. Programu ikisumbua nasoma msimbo wake, au namuuliza aliyeusoma.

Bodi ya chama ilibishana miezi miwili. Mjumbe mmoja mzee, ambaye namheshimu sana, aliuliza kama tunataka kurudi nyuma wakati dunia nzima inakwenda kwenye wingu, yaani seva za kukodi za mtandaoni. Nilimpeleka kwenye chumba cha stakabadhi nikamwonyesha maboksi ya zile wiki saba. Januari 2025 tukahamia kwenye seva yetu, iko kwenye kachumba chenye kufuli, na betri ya kuibeba saa tatu umeme ukikatika. Kila usiku inafanya bakapu, yaani nakala ya akiba ya data. Nakala moja katibu huihamishia jengo jingine kila Ijumaa, na nyingine iko nje ya nchi kabisa, imefungwa kwa ufunguo tulio nao sisi tu. Sina ugomvi na seva za ng'ambo zikitumika hivyo, kwa kuwa moto ukitokea hapa nitaihitaji nakala ile. Ugomvi wangu ni kuwa na nakala moja tu ya maisha ya watu mia sita, nayo ishikwe na asiyewajua.

Wiki mbili zilizopita kampuni inayotuuzia intaneti ilikuwa chini tangu asubuhi. Yule mama wa Deep Sea alikuja, akatoa shilingi 80,000, akazihesabu mara mbili kama kawaida yake, akaaga. Hakuna aliyemwambia kwamba intaneti haipo.

Naandika haya kwa sababu naona vyama, zahanati na shule vikisaini mikataba ya mifumo kila siku bila kuuliza data italala wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 1, 2023, na ina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Nikiwauliza wenzangu wa ofisi nyingine taarifa za wateja wao ziko wapi, jibu ninalopata ni "kwenye mfumo." Ujerumani, nchi isiyokosa fedha wala wataalamu, jimbo la Schleswig-Holstein lilitangaza mwaka 2024 kuhamisha kompyuta zipatazo 30,000 za serikali yake kwenda LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi kama kuandika na jedwali za hesabu, wakitaja wazi kwamba wanataka mamlaka juu ya mifumo yao. Sisi tunaohesabu kila dola tuna haja kubwa zaidi ya hiyo.

Kwa viongozi wa vyama, ombi langu ni moja. Kabla ya kusaini, mwambieni muuzaji achomoe waya wa intaneti mbele ya bodi, kisha awafungulie salio la mwanachama mmoja. Akishindwa, mwombeni awatolee palepale nakala kamili ya data ya majaribio, yenye tarehe na wadhamini, katika faili ambalo programu nyingine inaweza kulisoma. Na kwa wakuu wa vyuo vyetu vya ufundi: vijana wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo wanajua kubofya vizuri sana, lakini hawajawahi kuifungua seva wala kuirudisha bakapu. Wapeni mashine za mtumba waziharibu na kuzitengeneza.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kuanzia saa nne asubuhi, tunajaribu kurudisha bakapu yetu kwenye mashine tupu kuona kama itasimama. Chama chochote kinachotaka kuona kinakaribishwa. Kije na karani wake na diski moja tupu.

Fundi wa TEHAMA,
Ngamiani, Tanga