Barua ya wazi kwa wanaochagua timu ya raga ya wachezaji 13, Lubumbashi

Wanangu,

Kuchagua timu ya taifa kwa wachezaji wa ligi ya nyumbani pekee ni jambo zuri. Léopards, timu yetu ya taifa ya soka, walibeba CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, mwaka 2009 na 2016 kwa kanuni hiyohiyo. Ila nasikia kila komini ya mji wetu inadai nafasi zake: Kenya wawili, Katuba wawili, Kampemba wawili. Mkikubali, mmeitupa faida mliyo nayo. Mchezaji wa nyumbani hamshindi wa Ulaya kwa kifua. Anamshinda kwa kuzoeana na wenzake. Anzeni na namba 1 (beki wa mwisho), 6 na 7 (waongoza mashambulizi) na 9 (anayeuokota mpira baada ya kukabwa), maana mpira unapita mikononi mwao karibu kila mara. Wakitoka klabu moja au mbili, mmeokoa mazoezi mengi. Waliobaki gawaneni mtakavyo, hapo sigombani na mtu.

Walio na mazoea ya raga ya 15 wataleta shida. Huku mpira wa aliyekabwa, yaani aliyeshikwa na kuangushwa, haugombaniwi: anasimama, anatazama goli la wapinzani, anauweka chini, anausukuma nyuma kwa mguu. Wakabaji wawili tu wanabaki mbele yake. Wengine wanarudi mita 10 kwenye mstari wa refa. Mechi hupotelea hapo, kipindi cha pili, mapropu, wale wazito wa mbele, wakichoka kurudi. Basi mpimeni propu hivi: akabe, alale kifudifudi, ainuke, arudi nyuma mita 10 mbio, asonge tena, mara sita mfululizo. Apumzike dakika moja, arudie, seti nne. Anayetembea kwenye seti ya nne aachwe, hata awe na kilo 120 na mjomba kwenye kamati.

Mkikabwa mara ya sita mpira ni wa wapinzani, kwa hiyo baada ya ya tano namba 7 apige teke, na wote wajue upande gani. Akiupiga kutoka ndani ya mita 40 zenu, ukadunda uwanjani kisha ukatoka pembeni ndani ya mita 20 zao, unarudi kwenu.

Kiangazi udongo wetu mwekundu ni saruji. Mwagilieni uwanja jioni ya kuamkia mazoezi, na mazoezi ya kukaba yaanze mkiwa mmepiga magoti. Aliyegongwa kichwa atoke, asirudi siku hiyo, hata akiapa kwamba yu mzima.

Na bukari, ugali wetu, iliwe masaa matatu kabla ya mechi.

Mzee wenu, Kamalondo