Danube haina sura moja kwa mpanda baiskeli wa peke yake

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma makala iliyotoka katika ukurasa wa safari wa gazeti lako kuhusu kusafiri peke yako kwa baiskeli kandokando ya Mto Danube, nami naomba nafasi ya kuijadili. Naishi Linz, mji wa Austria ambao mto huo unaupitia, na sehemu kubwa ya njia inayozungumzwa nimeipita mwenyewe kwa vipindi mbalimbali, bila mwenzangu na bila gari la kunifuata. Mwandishi wenu aliandika kwa mapenzi, na kwa hilo anastahili pongezi. Hata hivyo, aliuchukua mto wenye urefu wa kilomita 2,850 hivi, unaogusa nchi 10, akausimulia kana kwamba ni barabara moja yenye tabia moja, kisha akafanya nguvu za miguu na ujasiri wa moyo kuwa sharti la kwanza la safari. Msomaji wa Tanga au Mombasa akiifuata makala hiyo ataogopa pasipo na cha kuogopa, na atafika bila maandalizi pale ambapo maandalizi yanahitajika kweli.

Makala ilimshauri msomaji aanzie chanzoni. Mito miwili midogo, Breg na Brigach, hukutana karibu na mji wa Donaueschingen kusini mwa Ujerumani, mahali penye mwinuko usiofika mita 700 juu ya usawa wa bahari, na hapo ndipo mto unapoanza kuitwa Danube. Si mbali na hapo, baina ya Immendingen na Fridingen, maji yake huzama ardhini kupitia nyufa za miamba ya chokaa, na wakati wa ukame sehemu hiyo ya mto hukauka ikabaki mawe matupu. Maji yaliyozama hutokea tena upande wa kusini, katika chemchemi ya Mto Aach, yakaingia Ziwa Constance na kisha Mto Rhine, hivi kwamba sehemu ya Danube huishia Bahari ya Kaskazini badala ya Bahari Nyeusi. Ni mahali pa ajabu na panastahili kutazamwa, lakini anayetaka kuujua mto kwa mara ya kwanza hana sababu ya kuanzia mahali ambapo anaweza kuukosa kabisa.

Mimi ningemwambia aanzie Passau, mpakani mwa Ujerumani na Austria, ambako mito ya Inn na Ilz huingia katika Danube. Kutoka hapo hadi Vienna ni karibu kilomita 300 za mto, na katika umbali wote huo maji hushuka mita 150 hivi tu. Kwa hiyo kuufuata mkondo hakumpunguzii mpanda baiskeli kazi ya kupiga pedali, ila hakuna mlima wa kumtoa jasho. Anayeweza kwenda kilomita 50 kwa siku, akipumzika mchana na kulala vizuri usiku, humaliza sehemu hiyo ndani ya wiki moja. Vibao vya ukingoni humwonyesha alipofika, lakini asishangae kuona namba zikipungua: kilomita za Danube huhesabiwa kutoka mdomoni, kwenye Bahari Nyeusi, kuelekea juu, ndiyo maana Passau ni kama kilomita ya 2,226, Vienna ya 1,929 na Belgrade ya 1,170.

Ulaini wa njia hiyo hautokani na mto peke yake, na hili ndilo jambo ambalo makala haikuligusa hata kidogo. Kabla ya meli za mvuke, vyombo vilivyopanda mto vilivutwa kwa kamba na farasi waliotembea ukingoni, na ili farasi hao wapite ilibidi ukingo usawazishwe, miti ikatwe na njia itunzwe mwaka hadi mwaka. Kampuni ya meli za mvuke ya Danube ilipoanzishwa Vienna mwaka 1829, kazi ya farasi ilianza kupungua hadi ikaisha. Njia zao zilibaki kwa matumizi ya wahudumu wa mto, na katika miaka ya 1980 zikaanza kutengenezwa kwa ajili ya baiskeli. Leo ni sehemu ya EuroVelo 6, njia ndefu inayotoka pwani ya Atlantiki nchini Ufaransa hadi Bahari Nyeusi. Mpanda baiskeli wa leo, basi, anapita juu ya kazi ya watu wengi waliomtangulia, na sifa ya ushujaa aliyopewa na mwandishi wenu naona inawastahili wao zaidi.

Pale ambapo njia inakatika, kuna vivuko. Karibu na Schlögen mto hujikunja vikali katikati ya vilima vyenye misitu, na upande wa kushoto hakuna njia kwa kipande fulani, hivyo mashua ndogo humchukua msafiri na baiskeli yake na kumshusha mbele. Huko Ottensheim, jirani na Linz, kivuko hakisukumwi na injini: kimefungwa kwenye waya mnene uliovutwa juu ya mto, nahodha hukielekeza upande kidogo, na mkondo wenyewe hukipeleka ng'ambo. Kipo kingine cha namna hiyo huko Spitz, katika bonde la Wachau lenye mizabibu na miti ya matunda ya aprikoti. (Wanaovuka Likoni kila asubuhi watanielewa nikisema kwamba nahodha asiyehitaji mafuta ni mtu wa kuonewa wivu.) Vivuko hivi, hata hivyo, havifanyi kazi usiku, vingi husimama majira ya baridi, na mto ukijaa husitishwa. Mafuriko ya huku si jambo la kubeza, kwani Juni 2013 maji yalifika mita 12.89 huko Passau, na alama za mafuriko ya karne mbalimbali zimechorwa kwenye mnara wa ukumbi wa mji. Njia ya baiskeli iko chini kabisa ukingoni, hivyo ndiyo hufungwa mwanzo.

Katika sehemu hiyo hiyo yapo mambo mazito. Juu ya kilima, kilomita chache kutoka ukingoni, iko iliyokuwa kambi ya mateso ya Mauthausen, ambako kati ya mwaka 1938 na 1945 Wanazi walifunga watu wapatao 190,000 katika kambi kuu na matawi yake, na angalau 90,000 kati yao walikufa, wengi wakiwa wamechoshwa na kazi ya kuchimba mawe. Kupanda hadi pale ni kugumu kwa baiskeli yenye mizigo, na wapanda baiskeli wengi hupita bila kusimama. Nadhani inafaa kusimama.

Kuhusu upweke, ambao makala iliupamba sana, ukweli ni kwamba anayetoka Passau mwezi wa Julai hatakuwa peke yake hata kwa saa moja. Atakutana na wastaafu wenye baiskeli za umeme, wazazi wanaovuta watoto katika vigari vya nyuma, na makundi ambayo mizigo yao hutangulia kwa gari hadi nyumba ya wageni inayofuata. Tairi likipata pancha, mtu wa tatu au wa nne atasimama kuuliza kama una kiraka na pampu. Shida ya msafiri wa peke yake hapo ni ndogo lakini inaudhi: chumba cha mtu mmoja kwa usiku mmoja ndicho wenye nyumba hukitoa kwa shingo upande, na karakana za baiskeli mara nyingi hutaka miadi, tofauti na fundi wetu wa chini ya mwembe ambaye hukunyooshea rimu ukiwa umesimama hapo hapo. Kwa hiyo abebe spoku za ziada na ajifunze kuzibadilisha.

Baada ya Bratislava mto hubadilika, na njia pia. Kwa muda mrefu mpanda baiskeli anakwenda juu ya tuta la mfereji wa Gabčíkovo, ambao Slovakia iliuelekezea maji ya Danube mwaka 1992 baada ya Hungaria kujitoa katika mradi wa pamoja, jambo lililozifikisha nchi hizo mbili mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Tuta ni refu, limenyooka, na kivuli hakuna. Ndani ya Hungaria kuna vipande vizuri vya njia na vipande ambavyo mtu hutumia barabara pamoja na magari. Huko upweke unaanza kuonekana, na maji ya kunywa yanapaswa kubebwa.

Sehemu ngumu kuliko zote, na kwa maoni yangu yenye fahari kuliko zote, ni korongo la Milango ya Chuma baina ya Serbia na Romania. Upande wa Serbia barabara hupanda na kushuka juu ya maji, ikipitia mahandaki kadhaa yasiyo na taa, hivyo taa ya mbele na ya nyuma si pambo. Bwawa la umeme lililokamilika mwaka 1972 liliinua maji kiasi cha kukizamisha kisiwa cha Ada Kaleh, ambacho wakazi wake wengi walikuwa Waturuki, pamoja na msikiti wao. Ni katika eneo hilo pia ambapo Kosava, upepo wa kusini-mashariki unaovuma hasa kuanzia vuli hadi mwanzo wa masika, hupita kwenye korongo na kupanda kuelekea Belgrade. Anayetoka Passau na upepo wa tezi, yaani wa nyuma, maana huko juu pepo nyingi hutoka magharibi, anaweza kuukuta huku ukiwa wa omo, yaani wa mbele, kwa siku nzima. Makala ilisema kwamba kuufuata mkondo ni kwenda na upepo. Kwa nusu ya mto, katika majira fulani ya mwaka, kauli hiyo ni kinyume kabisa.

Ng'ambo ya hapo, upande wa Romania, njia ni barabara ya kawaida inayopita vijijini, na mbwa wasio na wenyewe ni sehemu ya safari. Sulina, mji ulio mdomoni mwa mto, haufikiki kwa barabara; mtu huiacha barabara Tulcea akapanda boti.

Lakini kikwazo kikubwa kwa msomaji wako, Ndugu Mhariri, hakiko barabarani. Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na ombi hupelekwa kwa nchi atakayokaa muda mrefu zaidi, au, muda ukilingana, kwa nchi atakayoingia kwanza, jambo linalomlazimu mpanda baiskeli kuzigawa siku zake kwa nchi kabla hajanunua hata tyubu. Ataombwa bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000 na uthibitisho wa mahali pa kulala. Anayesema atalala atakapofika hana jibu la kumpa afisa. Atakuwa na siku 90 kwa upeo ndani ya kila siku 180. Zaidi ya hayo, Croatia iliingia katika eneo la Schengen mwaka 2023, na mipaka ya nchi kavu ya Romania na Bulgaria ikafuata Januari 2025, lakini Serbia, iliyo katikati, haimo. Anayevuka kutoka Croatia kwenda Novi Sad ametoka Schengen, na akitaka kuingia Romania anahitaji viza inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Mwenye viza ya kuingia mara moja safari yake inaishia Serbia, hata awe na miguu ya chuma.

Naomba basi, iwapo gazeti lako litachapisha ramani ya njia hiyo kama lilivyoahidi, iigawe angalau katika sehemu tatu, yaani hadi Vienna, hadi Belgrade, na hadi baharini, na mpaka wa Serbia uwekewe maelezo ya viza katika herufi zinazosomeka bila miwani.

Msomaji wako,
Linz, Austria