Salamu za Krismasi kutoka Nchi Kavu Yenye Samaki

Mbukwenyi wana-Dodoma wote, mlioko nyumbani na mliotawanyika kutafuta riziki! Na kwa watani zetu wa ng'ambo ya Bwawa la Mtera, Migoli na Isimani, kamwene! Nawatakieni heri ya Krismasi na Mwaka Mpya.

Sikukuu hizi zinatukuta mvua ndiyo zinaanza. Huku kati tuna msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, na kwa mwaka mzima tunapata kama milimita 550 hadi 600. Ndiyo maana ukimwambia mtu wa Pwani au wa Kanda ya Ziwa kwamba kwenu kuna wavuvi, anacheka. Kwake Dodoma ni zabibu, vumbi na Bunge. Mwacheni acheke, akishamaliza mpeni sahani.

Samaki wetu hakuna aliyewapangia. Bwawa la Mtera lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kuhifadhi maji ya kuendesha mitambo ya umeme ya Kidatu. Mtambo wa Mtera wenyewe, wa megawati 80, ukaja mwaka 1988. Hesabu zote zilikuwa za umeme. Lakini maji ya Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo yalipotuama pale, perege na kambale wakaongezeka, wavuvi wakafuata, na wachuuzi nyuma yao. Lami ya kwenda Iringa ikarahisisha safari, na tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016, walaji wamejaa mjini. Hombolo nayo ina bwawa lake la tangu 1957, ingawa tope linalipunguzia kina, na Bahi mvua ikikubali kambale hawakosekani. Ila kwa samaki, moyo wangu uko Mtera, sitawadanganya.

Pale basi halijasimama sawasawa, mabeseni yameshafika dirishani. Perege wamekaangwa wakakauka hadi mapezi yanakatika kwa kidole. Kambale wa moshi amekunjwa duara, mkia umepitishwa mdomoni. Watu wakisema uvuvi umekua huwa wanahesabu mitumbwi. Mimi nawatazama hao akina mama wanaokaanga, maana sare za shule, bati na mtaji wa genge vinatoka kwenye lile beseni. Salamu zangu za kwanza mwaka huu ni zao.

Sasa neno la kifamilia, kwa kuwa ndiyo tunakutana. Mvua hizi ndizo samaki wanazozisubiri. Perege jike hubeba mayai mdomoni, na vifaranga wakishtuka hurudi humo humo kujificha. Kambale naye, usiku wa mvua kubwa, hupanda hadi kwenye majani yaliyofurika akatage. Anayevuta kokoro, ule wavu wa kukokota, kwenye maji ya kina kifupi mwezi huu anaondoka na mama, watoto na wajukuu. Najua Desemba ina madeni, na Januari ina ada. Lakini kokoro limekatazwa kisheria, na hakuna mvuvi asiyelijua hilo. Tena tusiwaachie BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kulinda samaki, peke yao mzigo huu: perege wa urefu wa kidole wanafika mjini kwa sababu sisi wa mjini tunawanunua, tena tunapunguza bei.

Majirani zetu wa juu ya mto, nanyi nawasalimu kwa heshima, ila tuzungumze. Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na huwezi kuvua kwenye matope. Mpunga wenu tunaula, sikatai. Maji yakishafika mashambani, yabaki mengine ya kuteremka.

Mnaokuja kwa treni ya SGR kutoka Dar, karibuni. Msibebe dagaa wala sato wa barafu, mtanifedhehesha. Ugali wa uwele upo, mlenda upo, na wa kukaanga nimeshaagiza Mtera, wakubwa waliokomaa. Atakayechelewa atakuta mchuzi. Heri ya sikukuu, wapendwa.