Utajiri wa Ulaya haukuletwa na dini peke yake

Ndugu Mhariri,

Makala mliyoichapa karibuni ilidai kwamba mataifa ya Kiprotestanti yalitajirika kwa sababu ya dini yao, na ikamtaja Max Weber, mwanasosholojia wa Kijerumani, kuwa ndiye aliyelithibitisha hilo. Naomba nafasi nieleze kwa nini dai hilo lina madhara kwa vijana wetu wanaolisoma.

Katika insha zake za 1904 na 1905, Weber alizungumzia jambo mahsusi zaidi: mfuasi wa Calvin, mmoja wa viongozi wa mwanzo wa Uprotestanti, aliyeamini kwamba Mungu ameshapanga tangu azali nani ataokoka, aliitafuta dalili ya neema katika kazi ya nidhamu, na kwa kuwa anasa aliiona ni dhambi, faida yake aliirudisha katika biashara. Alimnukuu Mmarekani Benjamin Franklin, aliyemuusia kijana mwaka 1748 kwamba mdai akiisikia nyundo yako saa kumi na moja alfajiri au saa tatu usiku, atakuvumilia miezi sita zaidi. Weber mwenyewe alikataa kusema kwamba Matengenezo ya Kanisa, yaliyouzaa Uprotestanti, ndiyo yaliyozaa ubepari, na ni kweli kwamba mabenki ya Florence, Italia, yalikuwepo kabla ya Martin Luther, mwanzilishi wa Matengenezo hayo, kujitokeza mwaka 1517.

Kwetu Pemba, msimu wa karafuu unapofika, watu hukwea mikarafuu tangu asubuhi na usiku hukaa wakichambua karafuu kutoka kwenye makonyo yake. Bidii hiyo haikuanza leo. Katika karne ya 19 waliochuma wengi wao walikuwa watumwa, na mabwana zao waliweka mashamba rehani kwa wafanyabiashara wa Kihindi, tena forodha ya Unguja ilikodishwa kwa miaka mingi kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, ambaye alikuwa Mhindu. Mtaji ulikuwepo, biashara ilikuwepo, na jasho lilikuwepo; aliyelitoa jasho hilo hakuwa na haki ya kulifaidi.

Mwaka 2009 wanauchumi Sascha Becker na Ludger Woessmann walichunguza wilaya za Prussia, dola ya Kijerumani, ya karne ya 19, wakaona kwamba sehemu kubwa ya tofauti ya kipato baina ya Waprotestanti na Wakatoliki inaelezwa na kujua kusoma, maana Luther alitaka kila Mkristo aisome Biblia mwenyewe. Hapo ndipo penye somo kwetu, kwani watoto wetu huanza kusoma katika chuo cha Kurani wakiwa wadogo sana. Namuomba mwandishi wenu, atakapoandika tena, aulize usomaji huo unaishia wapi wanapofika umri wa kusoma mkataba wa mkopo.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba