Jicho la mbwa likiwa na ukungu, msikimbilie dawa iliyobaki kabatini

Mhariri,

Naomba kaeneo kadogo gazetini niongee na wenzangu tunaofuga mbwa na paka hapa Dar, maana kila nikitembea mtaani nakuta mbwa jicho limegeuka bluu na mwenyewe anakwambia "vumbi tu hilo, litapona".

Mi nilisema hivyohivyo. Jeki wetu, mbwa wa kienyeji tu wa kulinda geti, aliamka asubuhi kafumba jicho moja, machozi yanamtoka, jekundu, na ukimsogelea unaona ukungu kama kioo cha daladala mvua ikinyesha. Nikamwosha na maji ya chumvi, kesho yake nikachukua matone ya mama mkwe yaliyobaki toka afanyiwe operesheni ya mtoto wa jicho, nikamwekea. Siku ya nne damu ikawa imetuama ndani ya jicho lenyewe, sio juu, ndani, na hapo ndo nikapata akili ya kutafuta daktari wa mifugo.

Daktari akanichorea kwenye karatasi. Jicho lina matabaka matatu, la nje ni ule weupe na konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, la ndani kabisa ni retina inayopokea mwanga, na katikati ndo kuna uvea, jina lililotokana na neno la Kilatini la zabibu, eti ukilimenya jicho lile ganda la nje inabaki kitu cheusi duara kama zabibu kweli. Mbele yake ni irisi, lile duara lenye rangi linalobana na kuachia mboni, inafuata sehemu inayotengeneza maji ya jicho, halafu nyuma koroidi iliyojaa mishipa ya damu, na humohumo kwenye koroidi ndo kuna kile kitu kinachofanya macho ya paka yawake ukimmulika na taa ya bodaboda usiku. Sasa kwa vile pote pale ni damu tupu, ugonjwa wowote unaozunguka kwenye damu ya mnyama unaweza kutua hapo. Pakivimba ndo wanaita uveitisi.

Kwa Jeki ugonjwa ulitoka kwa kupe! Wale wa kahawia wanaojificha kwenye nyufa za banda, wanambukiza kijidudu kinaitwa erlikia, kinashusha zile chembe za kugandisha damu, ndo maana jicho likavuja kwa ndani. Walipima damu, akaandikiwa antibayotiki ya doksisaiklini siku 28, na matone ya atropini ya kutanua mboni ili apunguziwe maumivu na irisi isigande kwenye lenzi. Matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, yalikuja baadae, baada ya kumwekea rangi fulani jichoni kuangalia kama konea ina kidonda, na hapo ndo jasho lilinitoka, maana yale ya mama mkwe kumbe nayo yalikua steroidi, kungekua na kidonda jicho lingeweza kutoboka. Nilibahatisha tu.

Jicho lile halioni tena. Makovu yaliziba njia ya maji kutoka, presha ya jicho ikapanda, wanaita glakoma, tukawa tumechelewa. La pili lilipona.

Wenye paka msijione mko salama. Kwao sababu ni nyingine, kuna ukimwi wa paka ambao wanaambukizana wakipigana na kung'atana usiku, kuna kimelea cha toksoplasma wanachopata kwa kula panya, na ukiona doa la kahawia kwenye irisi linazidi kutanuka usiseme ni urembo, linaweza kua kansa. Na jamani msimpe paka Panadol eti jicho linamuuma, inaua.

Mhariri, kurasa zenu za ufugaji ni kuku wa mayai na ng'ombe wa maziwa kila wiki, sikatai, ndo pesa ilipo, ila hata robo ukurasa kwa mbwa tungeshukuru, muanze na hao kupe. Mi sasa hivi kila Jumapili nakagua masikio na katikati ya vidole vya Jeki, banda nimeziba nyufa zote na sementi, na ukimwita inabidi usimame upande wa kulia ndo akuone.

Mfuga mbwa,
Mbezi, Dar es Salaam