YAH: Furushi la kumtafutia Bigfoot na usiku wa tarehe 19 Oktoba

Kent, Jimbo la Washington
28 Oktoba 2024

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Nyuma ya risiti yenu mmeandika kwamba mteja anaweza kuleta malalamiko kwa lugha yake, na Kiswahili kimo kwenye orodha. Nashukuru. Kiingereza changu kinatosha kununulia vitu ila hakitoshi kugombana, na leo nimekuja kugombana.

Niseme mapema, mfasiri asije akanicheka: silalamiki kwamba hatukumwona Bigfoot, lile jitu lenye manyoya linalosimuliwa kuishi kwenye misitu ya huku. Watu wamepekua misitu hii tangu mimi sijazaliwa, nami sikutegemea kumpata kwa siku tatu za likizo. Ninacholalamikia ni mvua. Mvua ya Oktoba huku kwetu haina haja ya kutafutwa, inakuja yenyewe, na ndiyo pekee ambayo furushi lenu halikuiandalia kitu.

Tarehe 4 Oktoba nilinunua dukani kwenu lile furushi la watafutaji, la watu watatu, kwa dola 1,186 pamoja na kodi. Lina hema, mabegi matatu ya kulalia ya manyoya ya bata, magodoro matatu ya kujaza upepo, kamera ndogo ya joto ya kuchomeka kwenye simu, spika ya kupigia mayowe porini, kopo la pilipili la kufukuzia dubu, kijitabu, na plasta ya unga kilo 5 ya kuchukulia alama za nyayo. Ilikuwa zawadi ya mwanangu wa miaka 14, ambaye anamjua Bigfoot kuliko anavyomjua babu yake. Yeye ndiye aliyepanga tarehe. Alitaka tuwe porini tarehe 20 Oktoba, kwa sababu siku hiyo mwaka 1967 Roger Patterson na Bob Gimlin walipiga ile filamu yao ya kiumbe waliyesema ni Bigfoot kule Bluff Creek, kaskazini mwa California. Bluff Creek ni mbali, basi tukakubaliana msitu wa Gifford Pinchot, upande wa kusini mashariki wa Mlima St. Helens, jirani na Ape Canyon. Hapo mwaka 1924 wachimba madini walisimulia kwamba majitu yenye manyoya yaliwarushia mawe usiku kucha kibandani mwao. Shemeji yangu alikuja kwa sababu gari ni lake.

Sasa mnijue mimi. Kabla sijahamia Marekani nilikuwa mgumu wa Kilimanjaro miaka saba, njia ya Machame. Wagumu ndio wapagazi, wale wanaowapita wageni mbio na mizigo kichwani. Mzigo wa mgeni mwisho wake kilo 20, nasi tulijua kila gramu ilipo. Nimelala kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, kwenye hema la mtumba lililoshonwa upya Moshi mjini, na sikulowa. Hema likija tulikuwa tunapitisha kidole kwenye kila mshono, na begi la kulalia tulilinyanyua kwenye jua tuone manyoya yamekaa wapi. Mtauliza: mgumu mzima, hivyo hukuvifanya? Sikuvifanya, na hilo kosa nalibeba mwenyewe, lakini nusu. Furushi lenu limefungwa kwa nailoni na juu yake mmebandika kwamba likifunguliwa halirudishwi. Kwetu hiyo inaitwa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kijana wa kaunta aliponiona napapasa aliniambia vyote "vimeshapimwa", nikamwamini.

Tulipiga hema Ijumaa tarehe 18. Usiku wa kwanza ulipita kwa sababu manyunyu yalikuwa mepesi. Jumamosi mvua ilianza saa 10 jioni na haikusimama. Saa 3 usiku maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mishono miwili ya darini, na kona ya miguuni ilikuwa na dimbwi. Kitambaa chenyewe hakina tatizo, nasema kweli. Tatizo ni mishono: ule utepe wa kuiziba kwa ndani upo upande mmoja tu wa hema, upande wa pili hamna kitu, tundu za sindano zinaonekana kwa macho. Yaliyobaki mnayajua, au mngepaswa kuyajua: manyoya ya bata yakilowa hulala kama kuku aliyenyeshewa, hayashiki tena joto.

Hata yangekuwa makavu yasingetosha. Nje ya mfuko wa begi mmeandika nyuzi -15 kwa tarakimu kubwa kama kiganja. Asubuhi nilisoma kile kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani, miguuni. Vipimo ni vitatu, kama ISO 23537, kanuni ya kimataifa ya mabegi ya kulalia, inavyotaka: raha ni nyuzi 5, mwisho wa kuvumilia ni 0, na hatari ndiyo -15. Hicho cha tatu hakihusiani na kulala. Ni cha kuponea tu, mtu awe bado hai baada ya kukaa humo muda wa saa sita, vidole vyake Mungu ndiye ajuaye. Mmechukua kipimo cha kunusurika mkakitangaza kama kipimo cha usingizi, kisha mkamuuzia baba wa mtoto. Nje kulikuwa na nyuzi 2.

Saa 9 usiku mwanangu aliacha kusimulia habari za Bigfoot. Hilo ndilo lililoniamsha. Nilimwuliza jina la mwalimu wake, akajibu kwa kuburuta maneno kama mlevi. Mlimani nimeshaona watu wazima wakiwa hivyo. Tulimvua nguo mbichi, tukamvika sweta ya sufu ya shemeji, tukamweka katikati yetu tukajifunika vyote tulivyokuwa navyo, nikamchemshia maji ya sukari. Alipoanza kutetemeka kwa nguvu nilishukuru, kwa sababu anayetetemeka bado mwili wake unapigana. Kulipopambazuka tuliteremka kwenye gari tukawasha hita. Ilikuwa tarehe 20 yenyewe.

Ushahidi wangu mkubwa umetoka kwenye furushi lenu wenyewe. Tulipokuwa tunamhangaikia mtoto nilichomeka ile kamera ya joto kwenye simu nikamulika begi lake. Picha nimeambatanisha, namba 1 hadi 4. Begi zima linatakiwa kuonekana jeusi kwa nje, maana joto limebaki ndani. Tazameni namba 3: kuanzia bega mpaka nyonga kuna mistari myeupe, vyumba vya manyoya vilivyo vitupu kabisa, na joto la mwanangu linatoka humo kama moshi jikoni. Nikalimulika la kwangu, ambalo wakati huo lilikuwa bado kavu upande wa juu, nalo lina mistari ileile. Kamera ni nzuri, sina neno nayo. Ndicho chombo kilichofanya kazi, nacho kimewaumbua.

Kopo la pilipili lilipitwa na muda mwaka 2022, limegongwa kitakoni. Na kijana wa kaunta alituelekeza tulipulizie kuzunguka hema kabla ya kulala, kama dawa ya mbu. Bahati nzuri nilisoma maelezo ya kopo. Dawa ile hupulizwa usoni kwa dubu anayekujia. Ikishakauka chini, harufu yake inaweza kumwita. Huyo kijana mfundisheni leo, msingoje barua yangu imalize kuzunguka ofisini kwenu.

Kijitabu nimekiacha, ingawa mwanangu ana lake. Ameudhika kwamba mmezisifu nyayo za Bluff Creek za mwaka 1958 bila kusema kwamba mwaka 2002, Ray Wallace alipofariki, familia yake ilitoa hadharani miguu ya mbao aliyozitengenezea. Anasema pia kwamba mmesahau kuwaonya wateja kuhusu kaunti ya Skamania, kulekule iliko Ape Canyon, ambayo tangu mwaka 1969 ina sheria ya kukataza kumuua Bigfoot. Ilipitishwa tarehe 1 Aprili, siku ya wajinga, lakini ilitaja faini ya hadi dola 10,000 na kifungo cha hadi miaka mitano. Nimemwahidi kuyaandika, nimeyaandika.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie fedha za hema, mabegi matatu ya kulalia, na lile kopo. Magodoro pia, kwa sababu kipimo chake cha R, yaani cha kuzuia baridi ya ardhini, ni 1.5, ambayo ni ya Julai, na mlijua nakwenda Oktoba, nilimwambia kijana. Kamera na spika nabaki navyo kwa bei yake. Halafu kipimo cha raha kiandikwe nje ya mfuko, ukubwa uleule wa hizo tarakimu zenu, na mteja aruhusiwe kufungua furushi mbele yenu kabla hajalipa. Nawapa siku 14. Zikipita kimya, barua hii na picha zake nitazipeleka Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la Washington, wanakopokea malalamiko ya walaji.

Kuhusu plasta kilo 5: niliibeba mgongoni kilomita zote zile, ikalowana kwenye dimbwi la hema, ikagandia ndani ya begi langu la mgongoni. Ilibidi nichane begi kuitoa. Fedha yake sidai. Imetoka umbo safi la kitako cha begi, mpaka zipu inaonekana, na mwanangu ameiweka juu ya kabati akaiandikia tarehe na mahali ilipopatikana.

Mteja wenu,
mwenye risiti ya tarehe 4 Oktoba.

Viambatanisho: nakala ya risiti, picha 4 za kamera ya joto, picha 2 za mishono ya hema, picha ya kitako cha kopo.