Kabla ya kusifia buti

Mhariri,

Ukimuuliza mwenye stesheni wagoni, gari refu ambalo buti lake limeungana na sehemu ya abiria, kuhusu gari lake, atakusifia buti mpaka uchoke. Ni kweli, ukilaza viti hata friji inaingia. Lakini buti hilo ndilo lililobebeshwa mizigo miaka yote! Kwenye gari la mtumba mimi huinua kapeti la nyuma, nikatoa tairi la akiba na kupapasa shimo lake: maji yaliyotuama na kutu havifichwi na rangi mpya ya nje. Gari likikaa kitako upande wa nyuma, springi zimechoka. Stesheni wagoni za Toyota Corolla Fielder zenye injini ya 1NZ-FE hutumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, ule unaoendesha vali za injini kwa wakati wake, na wenyewe hujivunia hilo. Sawa, ila cheni nayo hulegea oili isipobadilishwa. Washa injini ikiwa baridi, usikilize kama cheni inapiga kelele.

Fundi mstaafu